Maji ya Munyoki

Mtambo wa kusafisha maji pale kwenye kituo cha utafiti uliungua Jumanne, na Mbithe akaifikisha habari hiyo nyumbani kana kwamba amebeba nyama.

"Baba Mwendwa," alisema kabla hata hajavua viatu, "daktari anataka maji yako."

Munyoki alikuwa ameketi mlangoni, akijisugua kucha kwa kipande cha limau ili weusi wa betri utoke. Hakuinua macho. "Maji gani?"

"Si yale unatengeneza pale kwa Kilonzo, ya mvuke, ya kutia kwenye betri. Chombo chetu kimekufa. Chumvi ya maji ya Voi imekigandia kama ukoko wa ugali mpaka kikaungua. Kingine kinatoka Mombasa Jumamosi, na wageni wa wafadhili wanakuja Ijumaa. Nikamwambia daktari kwamba mume wangu anayo."

"Ukamwambia."

"Nikamwambia yako ni safi kuliko ya dukani. Akauliza kama unayapima. Nikasema unayapima."

Mama yake Munyoki, Kavinya, alikuwa na ungo mapajani akichagua mawe kwenye ndengu. "Sasa unangoja nini?" alimuuliza mwanawe. "Miaka miwili umesema hawakukuita. Leo wamekuita."

"Wameita maji, mama. Hawajaniita mimi."

"Maji yana miguu?"

Mbithe alicheka. Munyoki hakucheka, lakini moyo wake ulikuwa umeruka, na aliona aibu kwamba umeruka. Akasema atafikiria. Kila mtu pale mlangoni alijua ameshafikiria.

Diploma ya maabara ilikuwa yake. Ilikaa juu ya kabati ndani ya bahasha ya plastiki, na kila baada ya muda aliishusha akaipangusa vumbi jekundu. Kituo kilipofunguliwa kando ya barabara ya Mwatate aliomba kazi, wakamchukua mtu wa Nairobi. Mbithe, mwenye cheti cha darasa la nane, aliomba kufagia, akaanza kesho yake. Kisha yule wa Nairobi akaondoka akisema joto la Voi halina huruma. Daktari Nabwile, badala ya kutangaza kazi upya, akaangalia ni nani aliye karibu anayeweza kukaa dakika arobaini akitazama kitu kimoja bila kugusa simu. Alikuwa yule mwenye fagio.

Sasa kulikuwa na barua inakuja. Wageni wa Ijumaa wakiridhika, Mbithe angeandikwa msaidizi wa maabara kwa miaka mitatu. Nyumba nzima ilijua. Kavinya alikuwa ameshaitangaza kanisani. Munyoki peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuitaja, na ilipotajwa alikuwa akiondoka kwenda kuangalia kuku, ilhali walikuwa na kuku wawili tu.

Laiti daktari angekuwa mwanaume. Munyoki alishaliwaza hilo waziwazi, akajishangaa. Mke anayejifungia chumba cha giza na mwanaume, hilo jambo lina jina. Mume wake ana haki ya kupiga meza, na wenzake watamnunulia chai na kumwambia pole. Lakini Daktari Nabwile alikuwa mama wa watu kutoka Bungoma, mnene, mwenye kicheko cha kwaya, na watoto watatu wa shule. Angemwambia nani? Angesema nini? Kwamba mke wangu anajifunza? Wivu wake haukuwa na mtu wa kumshika shati.

*

Jumatano alipeleka jerikeni mbili nyeupe, akiwa amevaa shati la kanisani.

Getini, Oyugi mlinzi alimsukumia daftari la wageni. "Andika jina, namba ya simu, na unamwona nani."

Munyoki aliandika jina lake, na mbele yake akaandika neno "diploma".

"Hapo hatuandiki masomo, mzee. Hapo tunaandika wewe ni wa nani." Oyugi alichukua kalamu, akakata neno lile kwa mstari mmoja uliopimwa, akaandika juu yake: mume wa Mbithe. "Ndiyo hiyo. Pita."

Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine. Daktari Nabwile alimpa mkono, akamshukuru mara mbili, akaita maji yale baraka. Munyoki alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Mimi pia nimesomea maabara, daktari. Diploma."

"Mbithe aliniambia. Vizuri sana." Simu yake ikalia. Akaiangalia, akakunja uso. "Hawa ni watu wa Ijumaa. Mbithe, hebu mwonyeshe baba mashine. Mweleze."

Mbithe alitoka kwenye mlango mweusi akiwa amevaa koti jeupe na miwani mikubwa ya manjano. Munyoki hakuwahi kumwona hivyo. Nyumbani alimjua mwanamke wa leso na kandambili. Huyu alitembea polepole, mikono mbele, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa.

Munyoki akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Simama hapo, Baba Mwendwa. Vaa miwani kwanza. Mwanga huu hauonekani, lakini unaharibu jicho."

"Najua mwanga wa urujuanimno ni nini."

"Basi vaa," alisema Mbithe, akamvisha yeye mwenyewe, kwa upole, kama anavyomvisha mtoto wao Mwendwa sweta.

Kwenye meza ndefu kulikuwa na mabomba madogo, vioo, na mkondo mmoja wa maji uliokuwa ukishuka, mwembamba kama uzi, usiotikisika. Ndani ya uzi ule, Mbithe alieleza, kulikuwa na protini iliyotolewa kwenye sumu ya swila. Mwanga unaupiga ule uzi. Mwingi unapita, mwingine unarudi vile vile ulivyokuja. Kidogo sana ndicho kinarudi kimebadilika, na hicho kidogo ndicho wanachokingoja.

"Kompyuta inakikusanya, inachora. Vinakuwa vilima. Hii ndiyo mashine ya Raman."

Munyoki akataja jina la jambo lile kwa Kiingereza, lile refu la kitabuni.

"Inawezekana," alisema Mbithe. "Sisi tunasema tu mwanga umerudi."

"Na kwa nini maji yatiririke? Si mngeweka kwenye chupa?"

"Mwanga unaunguza. Protini ikikaa mahali pamoja inaharibika, unapima majivu. Lazima ipite. Ndiyo maana tunakula maji mengi hivi." Akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. "Hii ni protini peke yake. Sasa Ijumaa tutaitia dawa ya daktari ya kuzima sumu. Dawa ikiishika protini, hiki kilima cha tatu kitashuka, kwa sababu pale mahali pameshikwa, hapajibu mwanga kama zamani."

"Hicho ni kilima cha triptofani."

"Sisi tunakiita cha tatu."

"Jina lake ni triptofani."

"Sawa," alisema Mbithe.

Munyoki alikuwa anajua jina na hakuwahi kukiona kilima. Mke wake alikuwa amekiona kila siku kwa mwaka mzima, na jina halikuwa limempa shida yoyote.

"Na hiki kirefu, huku pembeni?"

"Hicho si cha protini. Ni chumvi ya kipimo, salfeti. Tunatia kiasi kile kile kila mara, kwa mizani. Kompyuta inakichukua hicho kama rula, inalinganisha vingine nacho. Hicho kikidanganya, vyote vimedanganya."

Munyoki alikitazama kwa muda. Mtu anayeshinda siku nzima na asidi ya betri, ambayo ikiingia majini ni salfeti hiyo hiyo, haambiwi salfeti ni nini.

Kutoka chumba cha pili, sauti ya Daktari Nabwile ilikuja juu juu, bila ubaya, kama ya mwalimu aliyetoka darasani kidogo: "Mbithe, umemweleza vizuri? Ameelewa?"

Mbithe alimwangalia mume wake. Kama kulikuwa na jibu lingine la kutoa, hakulipata kwa haraka.

"Ameelewa, daktari."

*

"Bwana Mbithe," Kilonzo alimsalimu asubuhi ya Alhamisi.

Karakana ya Kilonzo ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali malori ya Mombasa yanaposimama kupoza injini. Betri zilipangwa ukutani kama mikate. Munyoki alitundika koti.

"Oyugi alileta betri ya pikipiki jana jioni," Kilonzo aliendelea. "Anasema ulipelekwa darasani. Ulipata ngapi kwa mia?"

"Oyugi anakaa getini. Ya ndani anayajuaje?"

"Dirisha lilikuwa wazi, bwana. Ati daktari akauliza, ameelewa?" Kilonzo alijishika kiuno akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akapunguza. "Ni utani. Mimi mke wangu akiandikiwa barua ya kazi pia nitaenda. Nitabeba hata mkoba wake."

Madereva wawili waliokuwa wakinywa chai walicheka pia, ingawa hawakujua hadithi ilianzia wapi.

Saa nne Mbithe alipiga simu. Alizungumza haraka, kwa sauti ya chini. Mkondo ulikatika asubuhi stima ilipopotea, wakapoteza karibu jerikeni nzima. Wangemaliza kupima protini peke yake leo, lakini ya kesho, ya dawa, maji hayangetosha. "Lita tano tu, Baba Mwendwa. Usijisumbue kuingia, mwachie Oyugi."

"Nisijisumbue kuingia."

"Daktari ana presha ya wageni. Ndiyo maana nasema."

"Nimeelewa," alisema Munyoki. Akakata simu.

Jerikeni nyeupe zote zilikuwa kituoni. Pale karakana ilibaki ya manjano, ya asidi. Aliimimina kwenye pipa mpaka ikakoma kutiririka, akaitikisa. Chini palibaki kitu kama vijiko viwili, kikizunguka pembeni. Munyoki alikuwa mtu wa kusuuza. Chuoni walifundishwa kusuuza chombo mara tatu, na tabia ile ilikuwa imemkaa mwilini hata kikombe chake cha chai alikisuuza mara tatu, na mama yake alikuwa akimcheka kwa hilo. Aliibeba jerikeni mpaka kwenye mfereji. Akaweka mkono juu ya koki.

Alisimama pale muda wa lori kupita.

Kisha akaondoa mkono, akarudi ndani, akaijaza jerikeni ile ile kwa maji ya mvuke mpaka shingoni. Hakutia kitu. Alijiambia hivyo alipokuwa akifunga kifuniko, akajiambia tena alipokuwa akipangusa nje kwa kitambaa mpaka ikang'aa: hakutia kitu. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika ubavuni, kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni, MAJI SAFI, akaenda kumwachia Oyugi getini.

*

Wageni walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mrefu aitwaye Ajwang', aliyekuja kutoka Nairobi kwa niaba ya wafadhili na aliyeuliza maswali machache, kila moja likiwa la kukata. Daktari Nabwile alivaa vitenge. Tangu saa moja asubuhi alikuwa hajacheka hata mara moja.

Mbithe aliandaa mchanganyiko peke yake. Maji ya Jumatano alikuwa ameyapima kabla ya kuyatumia, na kipimo kilisema ni safi kabisa. Haya ya jerikeni ya manjano hakuyapima. Stima ilikuwa imerudi kwa kuchelewa, wageni walikuwa mlangoni, na mwandiko ulikuwa wa mume wake. Utampima mume wako mara ngapi?

Alipotia kijiti cha kupima uchachu, maji yalitaka kurekebishwa kwa matone kumi na moja ya kupunguza uchachu. Kwa kawaida ni mawili, yakizidi matatu. Mbithe aliyahesabu, akasita, akaendelea. Alitia protini. Alitia chumvi ya kipimo kwa mizani. Mwisho akatia dawa, ile ambayo daktari alikuwa ameihangaikia miaka miwili.

Mbithe alikaa ndani gizani, karibu na mkondo, ambako skrini ndogo huonyesha vilima vinavyokua polepole kabla kompyuta haijavisawazisha. Wageni walikuwa chumba cha pili mbele ya skrini kubwa, ambayo huonyesha jibu likiwa limekwisha pigwa rula. Kati yao kulikuwa na mlango mweusi uliofunguliwa kidogo.

Dakika arobaini. Mbithe hakugusa simu. Aliviona vilima vikiinuka: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vilisimama pale pale vilipokuwa vimesimama jana, protini ikiwa peke yake. Cha tatu hakikushuka hata kidogo. Alingoja. Kisha akatazama pembeni, kwenye kilima cha salfeti. Kilikuwa kimepita mahali pake. Kiliendelea kupanda. Kilipokoma kilikuwa kirefu kuliko cha jana mara moja na nusu, kama mtu mzima aliyeketi kati ya watoto.

Kutoka chumba cha pili zikaja sauti za watu waliopendezwa.

Alielewa papo hapo, kwa sababu alikuwa amekaa na vilima vile mwaka mzima. Rula ilikuwa imerefuka. Kompyuta, ikidhani rula ni ile ile, ilikuwa imevifupisha vingine vyote ili vilingane. Huko nje kilima cha tatu kilionekana kimeshuka. Huko nje dawa ilikuwa imeishika sumu.

"Mbithe," aliita daktari, na kicheko chake cha kwaya kilikuwa kimerudi, "hebu toka uone."

Alitoka. Bi Ajwang' alikuwa amevua miwani, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Mgeni mmoja alikuwa akiipiga picha skrini.

"Huyu ndiye aliyefanya?" aliuliza Bi Ajwang'.

"Ndiye. Mikono yake ndiyo kituo." Daktari alimwekea mkono begani. "Barua yake ni hii hapa, inangoja saini yako tu."

Barua ilikuwa juu ya meza, na majina yake yalikuwa yameandikwa sawa, yote matatu. Kalamu ilikuwa juu yake. Mbithe aliiona salfeti ikipanda, na akamwona Munyoki akisugua kucha kwa limau. Alijua ni yeye kabla hajamaliza kujua ni nini. Akinyamaza, barua ni yake. Akinyamaza, hakuna atakayeuliza jerikeni ya manjano imetoka wapi. Wivu wa mume wake ulikuwa umemletea kile kile ulichotumwa kukizuia, na alichohitaji kufanya ni kusimama tu pale akipigwa picha.

"Daktari," alisema, "naomba tupitishe maji peke yake."

"Maji?"

"Bila protini. Bila chumvi. Maji tu."

Daktari Nabwile alimsogelea. Alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya wageni, lakini sauti ilishuka. "Mama Mwendwa. Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua. Salfeti imezidi."

Bi Ajwang' alivaa miwani tena. Mkondo ulishuka, mwembamba, wa maji matupu, na kwenye skrini kubwa palipaswa kuwa na uwanda. Pakawa uwanda, isipokuwa mahali pamoja. Hapo kilima kikaanza kuinuka peke yake.

"Maji haya yametoka wapi?" aliuliza Bi Ajwang'.

Daktari alimtazama Mbithe. Mbithe alitazama sakafu aliyoifagia mwaka mzima kabla ya kupewa koti.

"Niliyaleta mimi," alisema. "Sikuyapima."

*

Wageni waliondoka saa saba bila kula. Kuku waliopikwa walibaki kwenye masufuria, na Oyugi akapewa sahani iliyojaa mpaka akaogopa kuuliza sababu.

Daktari Nabwile alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa nyuma, viatu amevua. "Kwa hiyo dawa haishiki," alisema, si kwa Mbithe hasa.

"Tutarudia na maji mazuri."

"Tutarudia. Lakini wewe uliona vilima kabla ya kusawazishwa. Cha tatu kilishuka?"

Mbithe hakutaka kusema. "Hakikushuka, daktari."

"Miaka miwili," alisema daktari. Kisha: "Yalikuwa ya mume wako yale maji."

"Ndiyo."

"Ni bahati mbaya? Alisahau kusuuza?"

Mbithe alijaribu kutafuta neno la kumficha nalo Munyoki, na akaona neno lolote lingekuwa shuka fupi, miguu ingebaki nje. "Mume wangu anasuuza kila kitu mara tatu," alisema. "Hata kikombe."

Daktari aligeuka akamtazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na shukrani usoni mwake, wala hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka na anayejaribu kuwa wa haki.

"Barua ya miaka mitatu hawajatia saini. Wamesema uandikwe miezi mitatu, waone. Bi Ajwang' anasema aliyejua rula imeharibika asiondoke, lakini aliyesahau kupima maji naye asipewe miaka. Nami siwezi kubishana naye. Ni kweli yote mawili."

"Ni kweli."

"Na yeye hatapita geti hili tena. Nitamwambia Oyugi. Sitamwambia kwa nini."

"Oyugi atatafuta sababu mwenyewe, daktari."

"Najua," alisema Daktari Nabwile, akavaa viatu.

*

Munyoki alikuwa amefika nyumbani mapema. Mbithe alimkuta mlangoni, mikono magotini, kucha zake zikiwa bado nyeusi. Kavinya alikuwa kando ya nyumba akianua nguo, na alipoona uso wa mkaza mwanawe alibaki na shuka mkononi.

"Wamekufukuza?" aliuliza Munyoki. Aliliuliza haraka mno.

"Hapana. Miezi mitatu."

"Ilikuwa miaka mitatu."

"Ilikuwa."

Kavinya alisogea. "Kwani kumetokea nini?"

"Maji yalikuwa na asidi, mama," alisema Mbithe. "Ya jerikeni ya manjano."

Kavinya alimgeukia mwanawe. Alikunja shuka mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama kitabu, akaingia nalo ndani, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

"Sikutia kitu," alisema Munyoki.

"Najua hukutia."

"Ungenyamaza. Mngeendelea tu. Nani angejua?"

"Ningejua mimi. Ningekaa na vilima vile kila siku nikijua ni uongo wako unaonilipa." Mbithe aliketi kwenye kizingiti, mbali naye kidogo. Alikuwa hana nguvu ya kukasirika. Hasira aliiona kwa mbali, itafika kesho au kesho kutwa. "Nilikupeleka pale ili wakuone. Nilijua watakupenda. Nilimwambia daktari, mume wangu anajua majina ya vitu vyote hivi, mimi najua kuvitazama tu. Nilidhani siku moja mtakaa wote wawili mje mniambie nimekuwa nikiona nini."

Munyoki alitazama barabara, ambapo pikipiki ilikuwa ikipandisha vumbi kuelekea Birikani. Uso wake ulikuwa umeshuka kama wa mtu anayengoja kupigwa na hapigwi. Kisha, polepole, kitu kingine kikamjia machoni. Mbithe alikiona kikija. Alikuwa mtu wa kuona vitu vinavyokuja polepole.

"Mlipitisha maji peke yake?" aliuliza Munyoki.

"Tulipitisha."

"Bila protini. Kikatokea chenyewe?"

"Chenyewe."

Alijisogeza. Kutoka mfuko wa shati alitoa kalamu, na risiti ya Kilonzo akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya goti. Alichora mstari mmoja wa chini, ulionyooka, mzuri, kama walivyofundishwa, akauacha wazi.

"Nionyeshe," alisema. "Kilipanda mpaka wapi? Ni vijiko viwili tu vilibaki, sikudhani kingeonekana. Kilikuwa chembamba ama kipana? Mama Mwendwa, nichoree tu. Kidogo."

Mbithe aliitazama karatasi. Kilima chote kilikuwa kichwani mwake, mteremko kwa mteremko, pale kilipoanza kuinama na pale kilipochongoka, na kijivimbe kidogo upande wa kulia ambacho hata daktari hakukitaja na ambacho yeye alikuwa amekiona. Hakuna mtu mwingine Voi nzima aliyekuwa nacho. Angeweza kukichora akiwa amefumba macho. Mume wake alimnyooshea kalamu, na katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumwomba kitu kwa uso ule.

Alihisi kitu kikimkaza kifuani, kidogo, kigumu, kitamu, na alikijua ni nini kwa sababu alikuwa amekitazama kwenye uso wa mume wake kwa mwaka mzima.

"Hicho ni cha kituoni," alisema.

Akainuka, akagonga mlango ili mama mkwe amfungulie.